Sura ya 7: Injini Haili Maji

"Kaka, gari langu linakula maji."

Maneno hayo nimeyasikia kwa Kiswahili cha Bukavu, cha Kigoma, cha Mombasa, na cha vijana waliozaliwa kambini Kakuma ambao leo wanaendesha magari yao wenyewe hapa Louisville. Safari hii yalitoka Columbus, Ohio, usiku wa Januari. Aliyepiga simu ni dada mmoja anayefanya kazi ya usiku kwenye maghala ya upande wa uwanja wa ndege wa Rickenbacker. Kulikuwa na msiba Buffalo. Watu wanne walikuwa wanamtegemea awachukue Ijumaa alfajiri, naye kwa wiki nyingi alikuwa akifungua boneti kila Jumapili na kumimina maji ya bomba kwenye chupa ya akiba.

"Chini ya gari kuna unyevu wowote, dada?"

"Hakuna. Pakavu kabisa."

"Mshale wa joto umewahi kupanda?"

"Hata siku moja."

"Na fundi wa huko amesemaje?"

Akavuta pumzi. "Amesema ni gasketi ya silinda hedi. Dola elfu mbili na mia nne."

Nimeipa simu ile sura nzima kwa sababu ndani yake yamo karibu makosa yote tunayoyafanya sisi watu wa Afrika Mashariki na magari yetu katika nchi hii ya baridi, pamoja na mengine ambayo mafundi hutufanyia.

Nianze na neno lenyewe, kula. Petroli huliwa, ndiyo kazi yake. Oili nayo, hata katika injini nzima, hupungua kidogo kati ya sevisi moja na nyingine. Lakini maji ya rejeta, au kulanti kama tunavyoiita gereji, hayaliwi. Yanazunguka tu. Yanachukua joto kwenye bloku na silinda hedi, yanalipeleka mbele kwenye rejeta, upepo unalipunguza, yanarudi tena. Njia hiyo imefungwa pande zote. Gari dogo la silinda nne hubeba kama lita 6 hadi 8, na zinapaswa kuwa lita zilezile mpaka siku ya kuzibadilisha. Zikipungua, zimetoka mahali na zimekwenda mahali, na kazi ya fundi ni kukuonyesha mahali hapo kwa kidole. Fundi anayekwambia "lazima ni gasketi" bila kukuonyesha kitu bado hajaanza kazi.

Zamani usemi huo ulikuwa na ukweli. Kabla ya glikoli, madereva wa nchi za baridi walichanganya pombe kwenye maji ya rejeta ili yasigande, na pombe huruka ikipata joto, kwa hiyo kila wiki walilazimika kuongeza. Prestone ya glikoli ilipoingia sokoni mwaka 1927, kilichowavutia watu ni kwamba haikuwa ikiruka namna ile. Tangu hapo gari linalopungukiwa maji ni gari lenye tatizo.

Sasa tazama kifuniko cha rejeta. Kimeandikwa namba, mara nyingi 13 au 16, yaani pauni kwa inchi ya mraba. Ndani yake mna springi inayoyabana maji yasichemke mapema. Mchanganyiko wa nusu maji na nusu glikoli ukiwa wazi huchemka karibu nyuzi joto 106. Ukibanwa kwa presha ya pauni 15, unavumilia hadi karibu nyuzi 129. Springi ikichoka, maji yanachemka kabla ya wakati, yanakimbilia chupa ya akiba, yanafurika na kumwagika ukiwa barabarani. Unafika nyumbani, unachungulia chini, pakavu. Kifuniko kipya ni kama dola 15. Nimeona watu wameuza gari kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu ya kifuniko.

Presha hiyohiyo ndiyo inayounguza watu nyuso. Maji yaliyobanwa yakiwa na nyuzi 110 hugeuka mvuke mara tu unapofungua. Usifungue mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja chako bila kuuachia.

Tumetoka kwenye nchi ambazo maji ya gari ni maji basi. Dereva wa lori anayepanda Kitonga kule Iringa ana dumu nyuma ya kiti, na anayepanda kutoka Mai Mahiu vivyo hivyo. Themostati ikisumbua, fundi anaing'oa, gari linaondoka. Siwadharau mafundi hao, maana ndio walionishikisha spana. Kule adui ni joto, na maji yakipungua unaongeza, safari inaendelea. Huku maji matupu yanaganda kwenye nyuzi 0, na yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9. Nguvu hiyo hupasua rejeta, hupasua hata bloku. Na injini isiyo na themostati wakati wa baridi haishiki joto, hita inapuliza hewa ya baridi, na dereva anajikuta anakwangua barafu kwenye kioo cha mbele kwa upande wa ndani.

Dada yangu hakujua kwamba kila Jumapili alikuwa anaondoa kinga ya gari lake. Nusu kwa nusu hulinda hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Kila lita iliyotoroka ilikwenda na glikoli yake, na kila lita aliyoongeza haikuleta hata tone. Kwa hiyo kabla ya kutafuta tundu nilimtuma akanunue kipimo cha kulanti, kile cha dola chache chenye mpira wa kunyonyea kama bomba la sindano kubwa. Akanyonya injini ikiwa baridi, akanisomea: nyuzi 10 za Fahrenheit. Hiyo ni kama nyuzi 12 chini ya sifuri kwa kipimo chetu. Maana yake glikoli ilikuwa imebaki robo tu, na usiku wa Januari pale Buffalo unaweza kushuka chini ya hapo bila mtu kushangaa. Angelala msibani na kuamka na injini iliyopasuka.

Nikamwambia asitoke mjini na gari hilo mpaka tujue maji yanakwenda wapi. Ilikuwa Jumatatu.

Maji yanayopotea bila kuacha dimbwi yana njia zake, na baadhi zina dalili unayoweza kuikamata kwa pua. Rejeta ndogo ya hita, iliyojificha nyuma ya dashibodi, ikitoboka, utasikia harufu tamu ndani ya gari, kioo cha mbele kitapata ukungu wenye utelezi kama mafuta, na zulia la upande wa abiria litalowa. Usichanganye na maji ya kiyoyozi wakati wa kiangazi. Hayo ni maji safi yasiyo na rangi wala harufu. Na usionje kamwe ili kuyatofautisha. Kulanti ya glikoli ni tamu na ni sumu, inaua figo, na mtoto au mbwa huvutiwa nayo kwa sababu ya utamu huo. Mwaka 2012 watengenezaji wa Marekani walikubali kuitia dawa chungu ili isinyweke, lakini uchungu haupunguzi sumu. Ukimimina, kinga kwenye beseni na uipeleke mahali wanapopokea taka za sumu. Mtoto akinywa, usisubiri dalili: namba ya msaada wa sumu kwa nchi nzima ni 1-800-222-1222, saa zote.

Wenye familia kubwa wanaoendesha magari ya abiria saba au nane wana njia nyingine ya kuchunguza. Magari mengi ya aina hiyo yana hita ya pili nyuma, na mabomba yake yanapita chini ya sakafu. Buffalo hupata theluji nyingi kutoka Ziwa Erie na barabara zake humwagiwa chumvi msimu mzima. Chumvi inayala mabomba hayo polepole. Uvujaji unakuwa katikati ya gari, mbali na boneti ambako kila mtu anatazama, na maji yanaanguka ukiwa mwendoni. Hapo fundi alale chini na tochi.

Kuna maji yanayotoka na kukaukia palepale. Mfano unaojulikana sana kwa mafundi ni injini ya Toyota ya lita 2.4 iliyokuwa kwenye Camry nyingi za 2002 hadi 2006, gari linalotengenezwa Georgetown, Kentucky, tangu 1988, mwendo wa zaidi kidogo ya saa moja kutoka hapa Louisville. Ni injini ngumu, inayotembea maili nyingi. Lakini katika baadhi yake thredi za bolti za silinda hedi za upande wa nyuma hulegea ndani ya bloku ya aluminiamu, na maji huchuruzika upande unaotazama kabini, ambako ekzosi inawaka moto. Tone halifiki chini. Ili kuona, unahitaji kioo kidogo chenye mkono, tochi, na subira ya kutafuta alama nyeupe au ya waridi iliyoganda kama chumvi. Tiba yake ni kuchimba matundu na kuweka thredi mpya za chuma; kubadilisha gasketi peke yake na kurudisha bolti kwenye matundu yaleyale ni kutupa fedha.

Madereva wa Uber wenye Prius za 2010 hadi 2015 nao wasikilize hapa. Gari hilo lina chupa mbili za kulanti, moja ya injini na nyingine ya mfumo wa umeme, na nimeona mtu akitazama isiyo sahihi kwa miezi. Kwenye injini zile, njia ya kurudisha moshi wa ekzosi huziba kwa masizi, na mafundi wengi wanalihusisha hilo na gasketi zinazokuja kuungua baadaye. Gari linapowashwa asubuhi linatetemeka sekunde chache kama lori bovu, kisha linatulia. Mtetemo huo ukifuatana na maji yanayopungua, usiupuuze hata wiki moja.

Kuhusu maji kuingia kwenye oili ya giaboksi kupitia rejeta, nitasema tu kwamba oili inageuka kama maziwa ya waridi na ukiiona hivyo zima gari hapohapo. Giaboksi haisubiri.

Turudi kwa dada na dola zake 2,400. Nilimuuliza fundi alimwonyesha nini. Alimwonyesha vitu viwili: uji mweupe kama maziwa chini ya kifuniko cha oili, na moshi mweupe wa ekzosi. Alikuwa pia amepima mfumo kwa pampu ya presha, na sindano haikushuka. Hakuna uvujaji wa nje, akasema, kwa hiyo maji yanaingia ndani.

Ningekuwa Dar es Salaam ningeuamini ule uji. Columbus wakati wa Januari, siuamini. Dada anaishi dakika kumi kutoka kazini. Injini yake inawashwa, inapata uvuguvugu, inazimwa, na unyevu wa hewa unageuka matone chini ya kifuniko cha oili, mahali penye baridi kuliko pote, kisha unachanganyika na mvuke wa oili. Magari mazima kabisa hufanya hivyo katika miji yote mitatu ninayoizungumzia. Kinachoshtaki ni dipstiki. Nilimwomba aichomoe na kunitumia picha. Oili ilikuwa ya kahawia, safi, haina povu. Anayetaka uhakika zaidi anaweza kutuma kichupa cha oili kwa maabara. Blackstone ya Fort Wayne, Indiana, inafanya kazi hiyo, na sodiamu na potasiamu zikipanda kwenye majibu, kulanti imeingia.

Na moshi mweupe? Kwenye baridi kila ekzosi hutoa mvuke. Mvuke wa kawaida huisha injini ikipata moto na hupotea hewani mita moja nyuma ya gari. Moshi wa kulanti unaendelea baada ya nusu saa ya mwendo, unaning'inia mzito, una harufu tamu. Wake ulikuwa unaisha.

Gasketi iliyoungua ina mashahidi wake, na wanaitwa mmoja mmoja. Wa kwanza ni kichupa cha maji ya buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta injini ikiunguruma: kikivuta hewa yenye gesi ya silinda, buluu inageuka njano. Maduka makubwa ya vipuri kama AutoZone na O'Reilly huazimisha vifaa vya namna hiyo kwa amana inayorudishwa, dawa ya buluu ndiyo unayonunua. Wa pili ni mpira wa juu wa rejeta: ukiuminya asubuhi kabla ya kuwasha na ukakuta mgumu kana kwamba gari limetoka safarini, kuna presha ambayo haikutoka kwenye joto. Wa tatu ni kamera ndogo ya waya inayoingizwa kwenye tundu la plagi. Pistoni inayopata maji huoshwa na mvuke mpaka inang'aa huku nyingine zikiwa nyeusi. Wa nne ni kujaza hewa silinda moja baada ya nyingine na kutazama mapovu kwenye rejeta. Ufa mdogo sana unaweza kukidanganya kichupa cha buluu mara moja, ndiyo maana mimi sikubali kufungua silinda hedi kwa neno la shahidi mmoja. Lakini fundi yule hakumwita hata mmoja. Alifika kwenye gasketi kwa kukosa mahali pengine pa kufika.

Dada alichukua siku ya Jumanne kufanya kipimo cha buluu, akisaidiwa na jirani. Ilibaki buluu. Asubuhi ya Jumatano mpira wa juu ulikuwa laini kama chapati.

Hapa niseme jambo juu ya ule mshale wa joto uliomtuliza wiki zote hizo, kwa sababu nadhani mshale huo umeua injini nyingi kuliko theluji. Katika magari mengi ya sasa umetengenezwa ukae katikati hata joto linapobadilika sana, ili dereva asihangaike. Baya zaidi, sensa yake inapima maji. Maji yakishuka chini yake, inabaki ndani ya mvuke au hewa, na inaweza kutoa taarifa ya uongo huku chuma kinaungua.

Mji wangu una historia ya jambo hili. Kiwanda cha Ford cha Fern Valley Road, Louisville, kilianza kutengeneza Escape mwaka 2012. Machi 2017, Ford iliita zaidi ya magari 230,000 ya Amerika Kaskazini yenye injini ya turbo ya lita 1.6 yarudishwe, yakiwemo Escape za 2014 zilizotoka kiwandani hapa. Kulanti isipozunguka ya kutosha, silinda hedi ilipata moto kupita kiasi, ikapasuka, oili ikamwagikia chuma cha moto. Ford ilikuwa na taarifa za moto 29 Marekani na Kanada. Miezi miwili kabla, Afrika Kusini, Kuga 4,556 zenye injini ya lita 1.6 zilikuwa zimeitwa baada ya magari kadhaa kuwaka barabarani. Kuga ni Escape kwa jina jingine. Na tiba ya kwanza waliyotangaza kwa magari ya Amerika ilikuwa ipi? Sensa ya kiwango cha kulanti, na taa ya kumwonya dereva. Yaani magari hayo yote yalikuwa yanatembea bila kitu cha kumwambia mwenye gari kwamba maji yameisha. Gari lako huenda liko hivyohivyo. Chukua namba ya chasisi, ile ya tarakimu na herufi 17 iliyo chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, na uiingize kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya usalama barabarani. Kama gari lina wito ambao haujatekelezwa utaonekana, na matengenezo ya wito ni bure hata kama wewe ni mmiliki wa nne.

Jumatano ile kilibaki kitu kimoja: kipimo cha presha cha fundi. Nilimuuliza dada gari lilipimwa saa ngapi. Akasema alilipeleka kutoka kazini na likapimwa papo hapo, injini ikiwa ya moto, kwa dakika kama tano.

Hapo ndipo mwanga ulipoingia. Uvujaji mwingine hutokea kwenye joto tu, na mwingine kwenye baridi tu. Plastiki, aluminiamu na mpira havisinyai sawasawa. Kiungo kilichochoka kinaweza kujibana chenyewe kikipata moto na kuachia kikipoa. Gari lake hukaa saa kumi kwenye uwanja wa ghala usiku kucha. Kama lilivuja, lilivuja pale, wakati yeye yuko ndani anapanga maboksi, na likaacha kuvuja kabla hajafika kwa fundi.

Aliazima pampu ya presha. Alhamisi alfajiri, zamu ilipoisha, hakuwasha gari. Kwenye taa za uwanja wa ghala, yeye na mwenzake wa kazi walifunga pampu mahali pa kifuniko, wakasukuma mpaka 16, wakangoja. Baada ya dakika ishirini sindano ilikuwa 9. Akapitisha tochi chini ya bampa, akanipigia kwa video mikono ikitetemeka kwa baridi. Kwenye kona ya chini ya rejeta, upande wa kushoto, pale tangi la plastiki linapobanwa kwenye aluminiamu, tone la waridi lilikuwa linakua. Lilianguka juu ya ile ngao ya plastiki iliyo chini ya injini. Na juu ya ngao hiyo, bapa kama sahani, kulikuwa na barafu ya waridi. Maji ya wiki nyingi yalikuwa yakikusanyika pale, yakiganda usiku, yakiyeyuka na kupeperushwa barabarani mchana. Ndiyo maana ardhi ilikuwa kavu.

Rejeta zina historia jirani na Buffalo alikokuwa anakwenda. Lockport, kama kilomita 40 kutoka Buffalo, ndiko Herbert Harrison alikoanzisha kampuni yake ya rejeta mwaka 1910, na mwaka 1918 ikaingia General Motors. Rejeta za zama hizo zilikuwa za shaba, zimeunganishwa kwa risasi. Zilikuwa nzito na ghali, lakini zikitoboka fundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam au wa Grogan jijini Nairobi aliweza kuziziba kwa moto na risasi, na zikaishi miaka mingine kumi. Baadaye dunia ikahamia aluminiamu na matangi ya plastiki, ili gari liwe jepesi na rejeta iwe rahisi. Kati ya plastiki na aluminiamu huwekwa mpira mwembamba, na meno ya chuma hukunjwa kuubana. Mpira huo unazeeka. Hauzibwi kwa risasi wala kwa gundi, na anayekuahidi hivyo anakuuzia wiki mbili.

Vilevile simshauri mtu amwage dawa ya kuziba kwenye kulanti. Ile dawa haichagui tundu. Inaweza kuziba vijia vya rejeta ya hita, ukabaki huna joto ndani ya gari mwezi wa Januari, na kwa mwenye watoto hilo ni hatari ya kweli. Desemba 2022 dhoruba ya theluji iliua watu wasiopungua 40 Buffalo na vitongoji vyake, na wapo waliokutwa wamefia ndani ya magari.

Rejeta mpya, isiyo ya kampuni iliyotengeneza gari, ilikuwa dola 160. Fundi mwingine aliifunga Alhamisi mchana kwa dola 200, akaosha mfumo mzima kutoa yale maji ya bomba, akajaza nusu kwa nusu kwa aina ya kulanti iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Nasema kitabu, kwa sababu rangi haina sheria: waridi ya mtengenezaji huyu na waridi ya yule vinaweza kuwa vitu tofauti. Akainua pua ya gari, akafungua hita yote, akaliacha liungurume mpaka hewa iliyokwama ikatoka. Nilimwonya dada kwamba maji yatashuka kidogo baada ya safari ya kwanza, hewa iliyobaki ikijitoa, na kwamba kushuka huko mara moja si uvujaji. Kisha achore mstari kwenye chupa ya akiba kwa kalamu isiyofutika, injini ikiwa baridi, na aandike maili zilizosomeka siku hiyo.

Waliondoka Ijumaa saa kumi alfajiri. Kutoka Columbus unashika I-71 mpaka Cleveland, kisha I-90 ukiwa na Ziwa Erie mkono wa kushoto, maili kama 330 kwa jumla. Walifika kabla ya maziko. Gari lililala nje usiku mbili, kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Jumapili asubuhi, siku yake ya zamani ya kumimina maji, alifungua boneti na kunitumia picha. Maji yalikuwa yameshuka upana wa kidole kimoja chini ya mstari. Akaongeza kulanti iliyochanganywa, akarudi Columbus.

Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita, na hajaongeza tena.